Sambaza na Mayai Juu ya Vilima vya Miti

Kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani sote tunamwita Yaya, alipika miaka thelathini na minane katika nyumba ya mapadri hapa Bukavu. Aliingia mle kuosha sahani, akatoka mpishi ambaye wageni wa mbali walikuwa wakija hadi mlango wa jikoni kumshukuru. Walimuuliza siri yake. Aliwajibu kwamba hana siri, anasikiliza tu. Maharagwe yakikaribia kuiva hubadilisha sauti, alisema, na mafuta nayo yana maneno yake, na mpishi anayezungumza sana ataunguza.

Macho yake yalianza kufifia kutoka pembeni. Kwanza alikuwa akigonga bega kwenye milango aliyoipita maisha yake yote. Kisha akawa haoni ngazi ya mwisho. Daktari alituambia bila kuzungukazunguka kwamba kilichokwisha kupotea hakitarudi, na dawa ya matone ingechelewesha tu kilichobaki. Mapadri wakamfanyia misa ya kuagana, naye akaja kuishi nasi, mimi na mume wangu, kwenye nyumba yetu ya Muhumba.

Mwaka wa kwanza aliendelea kupika. Hatukujua ni kiasi gani alikuwa haoni, maana mikono yake ilijua njia. Halafu ikaja siku ya komunyo ya kwanza ya binti yetu wa mwisho. Watu walijaa sebuleni hadi barazani. Yaya alipika maharagwe kwa mawese, sufuria kubwa, na badala ya chumvi akatia sukari. Vikopo viwili vilikuwa vinafanana na mtu alikuwa ameviweka vibaya. Wote tulionja, wote tukajua, na hakuna aliyesema neno. Shemeji yangu alisifu maharagwe kwa sauti. Mgeni mmoja aliomba kuongezewa. Yaya alikula wa mwisho, kama wapishi wanavyofanya. Alitia kijiko mara mbili, akaweka sahani chini taratibu, akaenda kukaa nje. Tangu siku hiyo hakuingia tena jikoni. Alikaa barazani na radio yake, na nilipomletea chakula alisema ni kizuri, hata siku nilipojua mwenyewe kwamba kimeungua.

Mimi ni mwalimu wa kemia kwenye lise moja, sekondari ya wasichana. Mwezi wa saba, nilipomaliza kusahihisha mitihani, Yaya aliniita nikae karibu naye. Alisema anataka kupanda kilima cha juu ya kijiji cha Miti, kule tulikokuwa tunakata majani ya mbuzi tukiwa watoto, na kule juu akaange kifungua kinywa, uso ukiwa umeelekea ziwa. Alikuwa bado anatofautisha mwanga na giza, na vivuli vikubwa. Alitaka kuuona mng'ao wa ziwa kabla hilo nalo halijaondoka. Alitaja alichotaka kula: sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, nyanya, mayai ya plat, ya kukaanga yasiyovurugwa, na kahawa.

Mume wangu aliona ni wazimu. Miaka hii mtu haendi popote bila kuuliza kwanza njia iko namna gani. Nilimpigia simu binamu yetu anayeishi Miti, akasema kuko shwari, tuje tulale kwake Ijumaa.

Shida iliyobaki ilikuwa mzigo. Magoti ya Yaya yana umri mkubwa kuliko yeye, na mgongo wangu haupendi kubeba. Mbabula, jiko letu la makaa, na mfuko wake wa makala vilikuwa haviwezekani. Kwa hiyo nilikwenda Kadutu kwa fundi wa mabati, yule anayetengeneza taa za mafuta na vichujio, nikamchorea kwenye karatasi resho dogo la alkoli, yaani jiko la spiriti: mikebe miwili ya nyanya, mmoja ndani ya mwingine, na matundu madogo kuzunguka mdomo. Fundi aliitazama karatasi muda mrefu. Aliniuliza kama ni la mtoto kuchezea. Nilimweleza, akalitengeneza kwa nusu saa, akaniongezea kipande cha bati cha kukinga upepo, kinachokunjika. Kwa kikaango nilichukua kile kidogo cha aluminiamu ambacho mpini wake ulikuwa umevunjika. Tungekishika kwa koleo. Yaya alivipima vyote kwenye kiganja, kimoja kimoja, akatabasamu. Alisema uzito wake wote haufikii kuku aliyenyonyolewa. Nilitaka kuyavunja mayai nyumbani na kuyabeba kwenye chupa. Alikataa kabisa. Aliyaingiza manne, kila moja ndani ya soksi ya mume wangu, akaufunga mzigo kwa kitenge.

Tuliondoka kwa binamu kukiwa na ule weupe wa kwanza usio na jua. Nikiikumbuka asubuhi ile, inanijia haina kingo. Kiangazi kilikuwa kimejaa moshi wa mashamba yanayochomwa, na ukungu wa milima ulikuwa umeshuka ukachanganyika nao, kwa hiyo migomba ilitujia mmojammoja, ikasimama kando, ikapotea nyuma yetu. Yaya alishika mkoba wangu kwa nyuma kwa vidole viwili tu. Hakutaka kushikwa mkono. Nilimwambia palipo na jiwe, palipo na mfereji, na baada ya muda niliona kwamba anainua mguu kabla sijasema. Njia aliikumbuka kwa nyayo.

Tulipita kando ya mashamba ya chai, halafu mikaratusi. Baridi ilikuwa na harufu ya majani ya mikaratusi na moshi wa mbali. Sauti za kijiji zilitufuata kutoka chini: mtwangio, mlango wa bati, mtu akimwita mtu. Zilikuwa ndogo na safi, kana kwamba zimeoshwa. Yaya alisimama mara kwa mara, nami nilidhani anapumzika. Alikuwa anasikiliza. Mara moja aliniambia kuna kijito upande wa kushoto, na kweli kilikuwepo, chembamba kama kamba, chini ya matete.

Kileleni kuna mahali pa majani mafupi na mawe matatu makubwa. Upande wa mashariki ndipo ziwa linapaswa kuwa, na kisiwa cha Idjwi, na milima ya ng'ambo. Hakukuwa na chochote. Kulikuwa na weupe tu, unaosogea polepole, na mahali fulani ndani yake jua lililofanana na sahani ya kikombe. Yaya alikaa juu ya jiwe, akaelekeza uso.

"Kisiwa iko inaonekana?" aliniuliza.

Nilifikiri kumdanganya. Nilimwambia ukweli, kwamba hata mkaratusi wa hatua ishirini sikuuona. Alisema basi tutangoja, na wakati tunangoja tupike.

Nilipanga vitu. Nilimimina alkoli ya farmasi ndani ya resho, nikazungushia bati, nikawasha kiberiti, nikakiteremsha. Hakuna kilichotokea. Nikawasha cha pili. Nilijua, maana nawafundisha wasichana kila mwaka, kwamba mwali wa alkoli hauonekani mchana. Lakini kujua darasani ni kitu kimoja, na kuinama juu ya mkebe kwenye weupe ule, bila kuona moto, ni kitu kingine. Yaya alinyoosha kiganja juu ya resho, juu sana kwanza, kisha akakishusha.

"Imewaka," alisema.

Tukaweka kikaango na mawese. Mafuta yalikuwa yameganda kwa baridi, yakaanza kuyeyuka kutoka ukingoni, mekundu. Yaya aliinamisha kichwa kidogo kama anavyofanya kwenye misa wakati wa kuinua ostia. Aliniambia nitie sambaza moja tu. Nikatia. Samaki akalala kimya. Aliniambia ningoje. Baada ya muda yule sambaza alianza kunong'ona, na Yaya akainua kidole, nami nikatia wengine wote, konzi nzima, wale wadogo wenye rangi ya fedha tuliokuwa tumenunua ufukweni jana yake na kuwaacha wakauke kidogo kwenye upepo.

"Sikia," aliniambia. "Sasa mafuta iko inazungumuza na maji ya samaki. Ikinyamaza kidogo, geuza."

Sikusikia tofauti yoyote. Nilisikia mlio mmoja tu. Nilifumba macho nikajaribu tena, na polepole nikaanza kusikia kwamba mlio ule ulikuwa mingi: mmoja mnene wa chini, na mwingine mkavu wa juu unaopasukapasuka. Ule mnene ukapungua. Nikageuza, na sambaza walikuwa na rangi ya kahawa ya maziwa, wote, hakuna aliyeungua. Nikawa na furaha ya kitoto ambayo sikuitarajia. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesikia chakula.

Tuliwala kwa mkono, moto, vichwa na mifupa, huku nyanya zikichemka kwenye mafuta yaliyobaki. Harufu ilikwenda ndani ya ukungu na haikuonekana kurudi. Halafu mlio wa nyanya ukawa mdogo, ukawa mdogo zaidi, ukanyamaza. Nilidhani alkoli imekwisha. Niliinua kikaango kwa koleo, nikachungulia ndani ya mkebe. Sikuona mwali. Nilifungua chupa ya alkoli nikaielekeza juu ya resho kuongeza.

Yaya alikuwa amenyoosha mkono wake, ule ule wa kupima joto.

"Usimwange," alisema. Hakupaza sauti. "Bado iko inawaka."

Nilirudi nyuma kwa mshtuko, na chupa ikaniponyoka, ikaanguka mbali na resho, ikabingirika kwenye mteremko huku ikitapika alkoli yote kwenye majani yenye umande. Nilibaki nimesimama. Nikachukua jani kavu moja kutoka mfukoni mwa mkoba, nikaliteremsha kwenye mkebe. Likawaka papo hapo, likajikunja, likawa jeusi. Mwali mdogo wa mwisho ulikuwa umekaa chini kabisa, hauna rangi, ukingoja. Kama ningemimina, moto ungepanda ule mkondo hadi kwenye chupa, na chupa ilikuwa mkononi mwangu, karibu na uso wangu. Nimewaeleza wasichana jambo hili mara nyingi, na chaki mkononi.

Nilikaa chini kwenye majani. Yaya alipapasa hadi akanipata bega, akaacha mkono pale mpaka mwali ukafa wenyewe, naye akaniambia sasa umekufa.

Kwa hiyo tulikuwa na mayai manne ndani ya soksi na hatukuwa na moto. Vijiti vyote vilikuwa vimelowa. Nilimwambia Yaya tushuke kwa binamu, tutamalizia kule. Alisema tungoje kidogo, labda ukungu utafunguka.

Aliyetoka kwenye ukungu alikuwa mwanamke mmoja wa makamo, amebeba kitunga mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso kama mama yetu alivyokuwa akibeba. Alisimama akatutazama. Alitusalimu kwa Kimashi, nasi tukamjibu, na aliposikia tunazungumza Kimashi cha palepale akaweka kitunga chini. Aliuliza nani amekufa. Kwake watu wazima wawili wa mjini waliokaa kileleni asubuhi hiyo, mmoja macho mekundu, walikuwa wafiwa. Yaya alimweleza kwamba tulikuja kula mayai. Mwanamke alifikiri jambo hilo. Aliuliza kama mjini mayai hayaliwi.

Nilimwonyesha resho, nikamweleza yaliyotupata. Alilichukua mkononi, akalinusa, akasema angeweza kutuletea kaa la moto kutoka nyumbani kwake pale chini, lakini kaa halitaingia kwenye kidude hiki. Kisha akatazama kitunga chake. Alipekua chini ya viazi vitamu, akatoa chupa ndogo iliyofungwa kwa ganda la mgomba. Ilikuwa kanyanga, gongo ya ndizi, alisema, ile ya kwanza kutoka, kali, alikuwa anampelekea mama mkwe wake apake magoti.

"Kupaka magoti," Yaya alirudia, kwa heshima kubwa, na mwanamke akaanza kucheka, na mimi pia.

Nilimwaga tone moja juu ya jiwe nikawasha. Liliwaka. Nikamimina kidogo kwenye resho, resho likiwa limepoa kabisa na mkono wa Yaya ukiwa umehakikisha, na safari hii mwali ulikuwa na ukingo wa buluu uliopita na kurudi, kwa sababu ya mambo mengine yaliyomo ndani ya pombe ile ambayo sikuwa na haja ya kuyajua. Ilikuwa inanukia ndizi mbivu. Ukungu wote uliotuzunguka ukanukia ndizi mbivu.

Nilizipakua nyanya juu ya kipande cha mkate, nikachukua kikaango. Yaya alinyoosha mkono akaniomba koleo.

Sikumwuliza kama ana hakika. Nilimpa, nikasogea, nikakaa upande wa yule mwanamke. Yaya alitia mafuta, akasikiliza, akatoa yai kwenye soksi ya kwanza. Aliligonga kwenye ukingo wa jiwe, pigo moja, akalishusha chini sana karibu na kikaango, akaliachia. Kiini hakikupasuka. La pili akaliweka kando yake, vidole vyake vikiupima ukingo kwa haraka bila kugusa moto. Sauti ilikuwa ndogo na ya kudumu. Mwanamke aliacha kuzungumza. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, maana alinigeukia akaniuliza kwa macho, nami nikakubali kwa kichwa. Hakusema pole. Aliendelea kutazama mikono ya Yaya kama mtu anayetazama kazi.

Alitia chumvi kwa kubana vidole vitatu. Mayai yalikuwa na ukingo wa dhahabu na katikati laini. Tukakata mkate, Yaya akamkaribisha mgeni kwanza. Mwanamke alichovya, akala, akatafuna taratibu.

"Chumvi iko kidogo, papa," alisema.

Nilishtuka. Niligeuka kumtazama Yaya, tayari kusema kwamba si kweli, kwamba inatosha. Alikuwa amekaa na kipande cha mkate mkononi. Alichovya naye, akaonja. Akaitikia kwa kichwa.

"Kweli," alisema. "Iko kidogo."

Akaomba kifuko cha chumvi, akaongeza, akaonja tena, akamwomba mwanamke aonje. Walirudia hivyo mara mbili, wakishauriana kwa Kimashi kana kwamba mimi sipo, mpaka wote wawili wakaridhika. Nilimtazama kaka yangu na sikukumbuka mara ya mwisho alipokuwa na uso ule. Nilifikiri juu ya sebule yetu iliyojaa watu, na sisi wote tukimeza ile sukari na kusifu, na jinsi tulivyoamini tunamhurumia.

Mayai mawili ya mwisho yalikuwa bora. Kahawa tuliichemsha kwenye kikopo, ikawa na vumbi la majivu ya mashamba yaliyochomwa na harufu ya ndizi, tukainywa kwa zamu. Mwanamke alituambia juu ya maharagwe yake yaliyoliwa na nyani kutoka msituni, na binti yake aliyeolewa Minova asiyepiga simu. Nilimpa mkate uliobaki na sambaza waliosalia. Tulitaka kumlipa chupa, akasema magoti ya mama mkwe yamengoja miaka kumi, yatangoja wiki moja. Alijifunga kamba kwenye paji, akatuaga, akaingia kwenye weupe, na kwa muda tulisikia miguu yake baada ya yeye mwenyewe kupotea.

Ziwa halikuonekana. Tulikaa mpaka jua likawa juu, na weupe ukawa mkali hata ukaniumiza macho. Yaya aliniambia anaona mwanga mwingi, kila upande, mwanga tu, na kwamba si vibaya. Aliegemea jiwe, akalala usingizi na mdomo wazi. Nilimwacha. Nilifuta kikaango kwa majani, nikakunja bati, nikatazama ukungu ukipita juu ya viatu vyake na kurudi. Sijui nilikaa muda gani. Sikufikiri kitu kinachoweza kuandikwa.

Tuliposhuka binamu alilalamika kwamba ametupikia chai imepoa. Tulipata gari la Bukavu lililojaa magunia ya kabichi.

Jumatatu asubuhi nilisikia vyombo vikigongana jikoni. Nilibaki kitandani, mume wangu akataka kuinuka, nikamshika mkono. Yaya alikuwa amevitenga vile vikopo viwili: cha chumvi alikifunga kamba, cha sukari akakiacha. Siku hiyo aliunguza viazi. Aliuliza mezani vikoje, na kukawa na ule ukimya wetu wa zamani, mpaka binti yetu wa mwisho akamwambia mjomba wake, "Tonton, imeungua." Yaya alisema ameshukuru, kesho ataweka moto mdogo. Kesho vilikuwa vizuri, na tuliposema ni vizuri alituamini.

Mwezi wa kumi na moja, katika mvua, mwanga nao ulimwacha. Aliniambia asubuhi moja nilipoingia jikoni, akiwa anamenya viazi kwenye beseni. Alisema ameamka akangoja kukuche, akasikia majirani wakiwasha radio, watoto wakienda shule, akaelewa kwamba kumekwisha kucha. Alilisema kama mtu anayekueleza kwamba barabara imefungwa. Kisu chake hakikusimama. Nilivuta kiti, nikachukua kisu kingine, tukamenya vilivyobaki.